Funua Kapeti Kabla ya Masika

Kwa karibu miezi miwili chumba cha watoto kilikuwa na harufu ambayo kila mtu nyumbani aliipa maelezo yake. Dada anayetusaidia kazi alisema ni nguo zilizoanuliwa mbichi. Mume wangu alisema panya amefia darini, akapanda na tochi, akashuka na vumbi tu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kututazama, alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akasema, “Mwanangu, hiyo ni harufu ya ardhi. Funueni chini.” Nilimwitikia, “Sawa, mama,” na siku zikapita. Tulifunua wiki moja baada ya yeye kuondoka, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mtoto wetu wa mwisho, wa miaka mitatu, alikuwa akikohoa kila usiku katika chumba hicho hicho.

Kapeti lenyewe lilikuwa la plastiki, lile la kununua kwa mita ambalo Wakenya wanaliita mkeka wa mbao likiwa na michoro ya mbao. Nilianza na kona ya nyuma ya kabati. Liliachana na sakafu shingo upande, kwa mlio wa kitu kinachochanika. Chini yake yalikuwepo magazeti tuliyotandika miaka minne nyuma ili kapeti lilale vizuri, nayo yalikuwa yamegeuka uji. Kwenye kipande kimoja bado niliweza kusoma tarehe. Pembeni madoa meusi kama masizi, mengine yenye kingo za kijani, na karibu kabisa na ukuta mstari wa unga mweupe ambao niliuonja kwa ncha ya ulimi nikakuta ni chumvi. (Usionje. Siku ile sikujua kuna nini kingine.) Upande wa chini wa kapeti matone ya maji yalikuwa yamening’inia kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali.

Nikafanya wanachofanya wengi. Nilimwaga jiki, nikasugua, nikawasha feni siku mbili, nikanunua kapeti jipya nene zaidi na kulitandika. Wiki ya tatu harufu ikarudi. Naandika makala haya ili wewe unayesoma usipoteze wiki hizo tatu wala hela ya kapeti lile.

Kuvu huhitaji vitu vitatu: mbegu, chakula na maji. Mbegu zake ni ndogo mno, zinaelea katika hewa ya kila nyumba, na hakuna dawa itakayozimaliza. Chakula chake ni karibu kila tunachotandika sakafuni: karatasi, maboksi, gundi, mbao, nyuzi za zulia, hata vumbi lenyewe. Zege tupu halimlishi kuvu, lakini vumbi lililolala juu ya zege linatosha. Kwa hiyo katika vitatu hivyo ni maji peke yake unayoweza kumnyima. Kwa mahindi tunalijua hili vizuri. Hakuna mkulima anayefunga mahindi mabichi kwenye gunia la plastiki kisha akashangaa kuona kuvu, na siku hizi kila mtu amesikia habari za sumukuvu. Sakafu mbichi tunaifunga kwenye plastiki kila siku, tena tunaibana pembeni kwa gundi.

Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi kuvu haipati nafasi ya kuota. Chini ya kapeti la plastiki hakuna kinachokauka ndani ya siku mbili, wala ndani ya miezi miwili. Ndiyo maana swali la kwanza kuuliza ukiona madoa meusi ni maji yanatoka wapi. Swali la kutumia dawa gani lije baadaye sana.

Fundi aliyetusaidia mwishowe ni mzee wa Kigogo ambaye amemwaga sakafu tangu ujana wake. Aliangalia madoa, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaniambia, “Dada, kabla hujanipa hela ya kapeti lingine, nitafutie nailoni na selotepu.” Alikata vipande vitatu vya nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, kila kimoja kama nusu mita kwa nusu mita. Alifuta sakafu kwa kitambaa kikavu, akavibandika kwa selotepu pana ya kufungia maboksi, pande zote nne, pasibaki pa kupitisha hewa: kimoja katikati ya chumba, kimoja karibu na ukuta wa nje, kimoja karibu na ukuta unaopakana na bafu. Akasema visiguswe kwa siku mbili.

Kipimo hiki hakina gharama na ningependa kila nyumba ya Pwani ikifanye kabla ya kununua chochote cha kutandika. Namna ya kukisoma ni hii. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au sakafu iliyofunikwa imegeuka rangi ikawa nyeusi kuliko jirani yake, maji yanapanda kutoka ndani ya sakafu. Ukikuta umande upande wa juu, maji ni ya hewa ya chumbani, yanaganda kwenye sakafu iliyopoa. Pakiwa pakavu juu na chini, basi tafuta kwingine: deki, au ndoo na matenki yanayovuja humo ndani. Kwetu kipande cha katikati kilikuwa kikavu. Cha upande wa bafu kilikuwa na ukungu hafifu. Cha ukuta wa nje kilichuruzika. Mzee alikipeperusha hewani, matone yakaruka, akasema, “Haya, twende nje.”

Kabla sijawapeleka nje, nimalize haraka vyanzo vile vingine, kwa sababu kwako huenda shida iko huko.

Deki kwanza. Wengi wetu tumelelewa kwamba sakafu safi ni iliyomwagiwa ndoo nzima ya maji ikakaushwa kwa squeegee au tambara. Kwenye sakafu ya saruji iliyo wazi hakuna ubaya. Lakini kapeti la plastiki lina kingo, lina maungio, lina vitobo vya miguu ya kitanda, na kila asubuhi maji kidogo yanapita humo yasitoke. Nyumba ya ndugu yangu mmoja Mbagala ilipona kwa kubadilisha tu namna ya kupiga deki: tambara lililokamuliwa sawasawa, basi, na kapeti kukunjwa kila Jumamosi mpaka jioni.

Bomba ni la pili. Funga koroki zote usiku, andika namba za mita ya maji mpaka ile ya mwisho kabisa, asubuhi kabla mtu hajanawa uso soma tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Kwa wenye simtanki hapo pana mtego: bomba linalotoka kwenye tenki kuingia ndani halipiti kwenye mita, kwa hiyo mita inaweza kutulia na sakafu ikaendelea kunywa maji. Funga maji yanayoingia kwenye tenki, weka alama ya kina kwa chaki au kwa kijiti, angalia asubuhi. Bafuni gonga vigae kwa sarafu, kimoja kimoja. Vinavyolia tupu vina uwazi chini. Mafundi wengine hubandika marumaru kwa kuweka manundu matano ya saruji mgongoni badala ya kupaka yote, na katikati ya manundu hayo maji ya kuoga yaliyopenya kwenye grauti iliyopasuka hutembea mpaka chumba cha pili. Ukiona grauti haikauki hata mchana ambao hakuna aliyeoga, anza hapo. Chemba ya maji taka iliyoziba karibu na ukuta nayo hufanya hivyo hivyo, ila harufu yake haikufichi.

Hewa ni ya tatu. Asubuhi za masika, mwezi wa nne, vigae vya Dar es Salaam au Mombasa vinatoka jasho hata kama hakuna aliyemwaga tone. Sakafu imepoa usiku, hewa yenye unyevu mwingi inaingia, na maji yanaganda kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Huko Lushoto na Njombe, ambako sakafu ni za baridi kweli, hali ni hiyo hiyo kwa miezi mingi zaidi. Jibu lake ni kutofunika sakafu kwa kitu kisichopitisha hewa, kuacha nafasi ya kiganja kati ya makabati na ukuta, kutoanika nguo chumbani, na kujua saa za kufungua madirisha. Kwenye msimu wa mvua yafungue kuanzia saa tano hadi saa kumi jua likiwa limetoka, uyafunge hewa nzito inapoanza kushuka jioni.

Sasa nje.

Mzee aliniuliza nyumba ina umri gani, nikamwambia ilijengwa na baba mkwe mwaka 1987. Akaniambia niweke mguu wangu mmoja kizingitini na mwingine bustanini. Mguu wa bustanini ulikuwa juu. Sikuwahi kuliona hilo kwa miaka yote niliyokaa pale. Nyumba ilipojengwa ilikuwa na ngazi mbili za kupanda barazani. Sasa imebaki moja, na ile nusu imezama. Barabara ya mtaa imemwagiwa moramu mara nyingi. Jirani alileta malori ya kifusi akainua kiwanja chake kabla ya kujenga. Mimi mwenyewe nilijenga kitalu cha maua kuegemea ukuta wa chumba cha watoto, matofali mawili kwenda juu, nikakijaza udongo mweusi na kukimwagilia kila jioni. Na gata la bati liliishia hapo hapo juu ya kitalu, bila bomba la kushushia. Kila mvua iliyonyesha juu ya nusu ya paa letu ilikuwa inaingia ukutani kupitia maua yangu.

Fikiria utambi wa koroboi. Hakuna anayesukuma mafuta kwenda juu. Yanapanda yenyewe kupitia nyuzi. Saruji, tofali na lipu zina vijitundu vidogo kuliko macho yanavyoona, na maji ya ardhini yanapanda humo kwa namna ile ile. Yakifika juu yanakauka, na chumvi iliyokuwa ndani yake inabaki, ndiyo ule unga mweupe. Ukiona unga huo chini ya kapeti au kwenye ukuta kiasi cha magotini kushuka chini, usihangaike sana na habari za bomba, ardhi imeshajieleza. Kwa Pwani kuna balaa la ziada. Baadhi ya nyumba zimejengwa kwa mchanga wa ufukweni, ambao una chumvi ndani yake tangu siku ya kwanza, na chumvi huvuta unyevu hata kutoka hewani. Nyumba ya namna hiyo itatoka jasho kila msimu hata ukikausha uwanja wote, na mwenyewe ni bora ajue mapema ili asiendelee kulipa mafundi wa rangi.

Majina ya mitaa yetu nayo yana habari. Pale Msasani kuna mahali panaitwa Bonde la Mpunga, na waliopaita hivyo hawakuwa wanatania: maji yapo karibu. Ukinunua kiwanja au kupanga chumba mahali penye jina la bonde, mto, kinamasi au kisima, uliza wazee wa mtaa maji husimama wapi masika, uangalie kuta za majirani kabla ya kuangalia marumaru za ndani.

Kazi iliyoponya chumba chetu haikugusa sakafu kwa wiki nzima ya kwanza. Tulivunja kitalu. Tulichimba udongo kando ya ukuta mpaka ukawa chini ya sakafu ya ndani kwa kiasi cha sentimeta 15, tukamwaga ukanda wa zege upana wa mita moja ulioinama kwenda mbali na nyumba, tukachimba mtaro mdogo mpaka kwenye mfereji wa mtaa. Gata likafungwa bomba la kushusha maji na kuyapeleka kwenye pipa, na pipa likifurika yanaingia mtaroni. Maua yamehamia kwenye ndoo kuukuu, mita mbili kutoka ukutani, na yamestawi.

Ndipo tukarudi ndani kwenye kuvu, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu huumia.

Usifagie kuvu kavu. Ufagio huzirusha mbegu zake hewani na wewe unazivuta. Toa watoto, wazee na mwenye pumu nje ya nyumba, fungua madirisha, funga mlango wa chumba kuelekea sebuleni, vaa glavu na barakoa ya N95. Barakoa ya kitambaa haisaidii kwa kazi hii. Nyunyizia madoa maji ya sabuni kwanza yalowe, kisha sugua kwa brashi na futa kwa matambara utakayoyatupa. Sabuni ya kawaida inatosha kwenye sakafu ngumu. Magazeti, maboksi, sponji na zulia la manyoya vilivyoota kuvu usivihurumie: vifunge kwenye mfuko mkubwa humo humo chumbani, kisha vitoe. Kapeti la plastiki linaweza kuoshwa pande zote mbili na kuanikwa juani siku kadhaa, kama mgongo wake hauna kitambaa. Kama una shaka, litupe. Eneo likizidi mita moja ya mraba au zaidi kidogo, au kuvu imepanda ukutani mpaka juu, ita mtu mwenye vifaa.

Jiki ina nafasi yake kwenye vigae na grauti, ikiwa imechanganywa na maji. Kwenye saruji inayonyonya haina msaada mkubwa, kwa sababu inang’arisha juu na kuyaacha maji yake ndani, na maji ndiyo yaliyotuleta hapa. Lakini kuna jambo moja ambalo hata ukisahau mengine yote, hili likae: jiki isikutane kamwe na ile asidi ambayo mafundi wanasafishia marumaru, wala na siki, wala na sabuni za kusafishia zenye amonia. Jiki na asidi hutoa gesi ya klorini, na katika bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inaua. Ukiwa hujui fundi alipaka nini jana, suuza kwa maji mengi na usitumie jiki leo.

Jiko la mkaa pia. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakiingiza jiko chumbani na kufunga mlango ili sakafu ikauke upesi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Kausha kwa jua, kwa upepo wa dirisha na dirisha, kwa pangaboi. Kausha kwa subira.

Subira hiyo ni ya muda gani? Mrefu kuliko fundi atakavyokuambia. Kuna kanuni ya mafundi wa sakafu kwamba zege hukauka kama milimita moja kwa siku likiwa mahali pakavu, na likizidi unene wa sentimeta tano mwendo hupungua zaidi. Jamvi la sentimeta kumi kwa hiyo ni miezi, na kwa hewa yetu ya Pwani ongeza. Zile siku 28 zinazotajwa kila mara ni za saruji kupata nguvu, wala hazina maana kwamba sakafu imekauka. Mtu anayehamia nyumba mpya wiki ya tano na kubandika kapeti la plastiki siku hiyo hiyo amefungia ndani maji ya ujenzi. Sisi tulingoja kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, watoto wakilala sebuleni, na kila mwisho wa mwezi mzee alikuja kubandika nailoni yake.

Wakati huo huo tulimpeleka mtoto hospitali, na nawasihi mfanye hivyo mapema kuliko tulivyofanya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi humo wana hatari kubwa zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na pumu. Halikutaja kiwango cha kuvu kilicho salama. Lilichosisitiza ni kuzuia unyevu wenyewe. Hata hivyo usijipe jibu mwenyewe kwamba ni kuvu tu. Kikohozi cha wiki mbili kinatakiwa kupimwa, kifua kikuu kikiwemo, hata kama umeona madoa meusi kwa macho yako. Wetu alipewa dawa ya kupuliza, na daktari aliuliza kuhusu chumba anacholala kabla hatujamweleza lolote.

Sakafu ikishakauka, tandika nini? Ushauri wangu kwa chumba cha chini ambacho ardhi yake imewahi kupanda maji ni kuiacha sakafu ipumue. Saruji iliyopigwa niru vizuri ikang’aa, na juu yake mkeka wa ukindu au jamvi la kukunja, unaloinua na kupiga jua. Bibi zetu wa Pwani walilala hivyo, na mkeka wa ukindu una tabia ambayo hakuna kapeti la dukani lililo nayo: hewa inapita chini yake na juu yake, na ukilowa unakauka barazani kwa asubuhi moja. Vigae navyo vinafaa kama vimebandikwa kwa saruji iliyojaa mgongo mzima. Mbao za kubandika na kapeti la kugundisha viache kwa ghorofani. Mbao zinazolowa kutoka chini hufura, huinuka katikati, halafu mchwa wanakuja, maana mchwa wa ardhini nao wanafuata unyevu.

Utaambiwa kuna rangi au dawa ya kupaka sakafuni izuie maji. Zipo za kweli, za kupaka mara mbili juu ya zege lililosafishwa, lakini zinahitaji fundi anayezijua na hazisaidii kitu kama maji ya mvua bado yanasimama ukutani. Zaidi ya hayo, maji yaliyozibwa katikati ya chumba hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye kuta. Kama sakafu nzima imelowa, si kona tu, dawa ya kudumu ni kuvunja jamvi na kulimwaga upya juu ya nailoni, au kama dari linaruhusu, kutandika nailoni juu ya sakafu ya zamani, kuipandisha kidogo ukutani, na kumwaga juu yake tabaka jipya la zege. Ni gharama, na vumbi lake ni la wiki nyingi.

Anayejenga sasa ana bahati, kwa sababu kwake kinga ni karatasi moja ya nailoni. Simama mwenyewe siku ya jamvi. Kifusi kishindiliwe, mawe yapangwe, juu yake mchanga ili ncha za mawe zisitoboe, kisha nailoni ya geji 1000 itandikwe, maungio yakilaliana sentimeta 30, na ipande mpaka ikutane na ile iliyolazwa kwenye tofali za msingi. Pakibaki nafasi kati ya hizo mbili, utambi umepata njia. Halafu angalia matoroli. Nimeona nailoni nzuri ikitobolewa na gurudumu na chepeo ndani ya saa moja, zege likamwagwa juu, na hakuna aliyejua mpaka miaka mitatu baadaye.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zina habari yao. Kuta zake ni matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huuzuia ndani. Ukimwaga saruji na kubandika marumaru kwenye bafu la ghorofani, maji yanayovuja hayatoki tena juu, yanateremka kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, na hapo ndipo huoza bila kuonekana. Chukua bisibisi, ingia chumba cha chini, choma kila boriti mahali inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, hamisha watu wanaolala chini ya sakafu hiyo siku hiyo hiyo, kisha tafuta fundi aliyezoea chokaa. Wapo bado, na kazi yao inastahili bei wanayotaja.

Kwa wapangaji, ambao ndio wengi wetu mijini: siku ya kuangalia chumba, omba kuinua kona ya kapeti. Mwenye nyumba mwema hatakataa. Kama tayari umelipa kodi ya miezi sita na madoa yameonekana, piga picha zenye tarehe, fanya kipimo cha nailoni, upige picha na hicho, kisha mwite mwenye nyumba aone kwa macho yake kabla hujasafisha. Zungumza naye kwa adabu na umwonyeshe matone yako upande gani. Kama ni deki yako, rekebisha deki yako. Kama maji yanapanda kutoka ardhini au bomba lake linavuja, hilo ni jengo lake, na ukitaka kulitengeneza kwa hela yako ili ikatwe kwenye kodi, maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi na kusainiwa na nyote wawili kabla fundi hajaleta chepeo.

Watoto wetu walirudi chumbani kwao mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kabla ya vuli. Sakafu ni saruji tupu yenye niru nyekundu, na mkeka mmoja ambao mama mkwe aliuleta kutoka Tanga akiwa ameukunja kwapani. Kabati limesogezwa kutoka ukutani. Kila mwezi wa pili unapoisha nabandika kipande cha nailoni kwenye ile kona kwa siku mbili, na mwaka huu kilitoka kikavu pande zote.